Kuti Bichi Bustanini kwa Azaria

Elia Zaro alikuwa mahabusu kwa siku ya pili sasa, na maneno yote aliyoyatamka tangu akamatwe yangeweza kuandikwa nyuma ya kiberiti. Alitaja jina lake. Aliomba maji. Jumatatu hiyo, saa mbili asubuhi, mpelelezi Ruben Aniba alivuta kiti, akaketi mbele yake, akafungua daftari gotini na kumuuliza kwa mara ya nne.

"Jumamosi, kabla ya saa tano, ulikuwa wapi?"

Elia alitazama sakafu.

"Saa tano watu walikuona ukitoka mbio kwa mjomba wako, shati limelowa damu. Ulimkutaje?"

Ruben aligeuza ukurasa.

"Elia, mimi si mgeni. Mama yangu ni Ludia wa kisiwa cha Badu, unamjua. Nyimbo za mjomba wako nilizishika kabla sijashika kitabu. Kama hukumuua, niambie ninaanzia wapi."

Kijana aliinua macho yaliyovimba. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na vidole vyake vilikuwa na weusi wa wino wa mashine ya taipu ambao sabuni ya polisi haikuweza kuutoa.

"Kaka Ruben," alisema, "nenda kanywe chai."

Akageukia ukuta.

Nje, Sajini Hollis, mkuu wa kituo, alikuwa akijipepea kwa jalada. Alikuwa mzungu mnene asiye na makuu, aliyekaa kisiwani Waiben miaka mitatu na kujifunza kula nguva bila kukunja uso.

"Amekwambia nini?"

"Amenituma chai."

"Basi kanywe, kwa sababu saa nane na nusu namtia kwenye kivuko, na saa kumi ndege inamchukua kwenda Cairns, bara. Shtaka la mauaji. Ripoti imeshaandikwa."

"Nipe mpaka saa nane."

"Unatafuta nini, Aniba? Hebu hesabu mwenyewe." Hollis alianza kukunja vidole. "Ijumaa jioni mtaa mzima ulimsikia akimfokea mzee: 'Ukiitoa hiyo, mimi na wewe basi!' Jumamosi mzee amekufa. Shati la kijana lina damu. Kitabu ambacho yeye ndiye alikuwa akikipiga taipu hakionekani. Na mwenyewe hataki kujitetea. Unataka picha?"

"Nataka sababu. Amuue kwa ajili ya kitabu ambacho amekaa miezi minane akikipiga taipu?"

"Sababu ataitafuta hakimu."

Ruben hakubishana. Aliinamia meza, akasoma tena karatasi ya daktari. Azaria Manas, miaka sitini na nne. Alifariki kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Kisogo kiligonga ukingo wa saruji chini ya ngazi ya nyuma. Kwenye vifundo vya mikono yote miwili kulikuwa na alama za vidole, kama mtu aliyeshikwa kwa nguvu. Ndani ya ngumi ya kulia kilikutwa kipande cha karatasi, pembe tu, chenye namba ya ukurasa: 212.

Huyo ndiye aliyekuwa amekufa. Mtu aliyezunguka nchi nzima na gitaa mgongoni, akiimba kwenye kumbi za bandarini na mbele ya bunge, akalala korokoroni mara saba kwa kudai watu weusi wa visiwani walipwe sawa na wengine. Aliandika vitabu viwili kuhusu wapiga mbizi wa lulu. Cha tatu kilikuwa maisha yake mwenyewe, na kisiwa kizima kilikuwa kikikingojea. Wapo waliokuwa wamekwisha kutengeneza rafu ya kukiweka.

"Aliyemshika mikono," Ruben alisema, "alikuwa akimnyang'anya karatasi. Hakuwa akimpiga."

"Au vyote viwili," alijibu Hollis. "Saa nane."

Ruben alishuka mtaani. Alikuwa na desturi yake katika kazi hii, nayo ilikuwa maswali matatu kwa kila jirani, kwa mpangilio uleule, hata kama jirani alikwisha kuhojiwa. Ulimwona lini mara ya mwisho? Ulisikia nini? Na la tatu, ambalo maofisa wenzake walilicheka: Jumamosi hiyo ulifanya nini tofauti na Jumamosi nyingine? Watu husahau walichokiona. Lakini mtu aliyevurugiwa ratiba yake hasahau, na huwa anataka kulalamika.

Nyumba ya kwanza hawakuwa na kitu. Nyumba ya pili walikuwa na mengi, yote kuhusu ugomvi wa Ijumaa. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bi Felisia Kabalo, mjane aliyeuza namasu kwenye bakuli za bati, samaki mbichi aliyeiva kwa siki na ndimu, ambaye hakuna sherehe Waiben isiyokuwa naye. Babu yake alitoka Manila kuja kuzamia lulu, na Bi Felisia hakuwahi kuacha kumtaja.

"Tofauti?" alisema, kisu kikisimama juu ya samaki. "Tofauti ni kwamba sikuuza hata bakuli moja! Nimekaa na samaki wangu kama mchawi. Na wewe, mpelelezi, umekonda. Mkeo anakupikia?"

"Ananipikia, shangazi. Kwa nini hukuuza?"

"Ndimu, mwanangu! Miaka kumi na tano kila Jumamosi napita kwa Azaria, nachuma ndimu zangu kapu moja, namwachia bakuli lake mlangoni. Hatujawahi hata kuulizana. Jumamosi hiyo nafika, bustani imefungwa! Nikasema moyoni, leo mzee amekuwa bahili. Nikarudi nimenuna. Mungu anisamehe, sikujua kwamba siku hiyohiyo atakufa."

Kalamu ya Ruben ilisimama.

"Imefungwa vipi?"

"Kwa lile kuti lenu, basi. Kuti bichi la mnazi. Mkilifunga, mtu haingii wala hachumi, si ndivyo? Nawaheshimu, nikarudi."

"Lilikuwa limening'inizwa langoni?"

"Langoni hapakuwa na kitu. Lilifungwa kwenye mti wenyewe, kuzunguka shina la mnazi wa mbele. Hapa." Akajigusa kifuani kwa mpini wa kisu. "Limesokotwa vizuri tu."

"Saa ngapi, shangazi? Fikiri taratibu."

"Nifikiri nini? Kengele ya misa ya kwanza ilikuwa imelia, nami nilikuwa nimechelewa soko. Saa moja na nusu. Mbona umeduwaa hivyo? Keti, nikupe maji."

Ruben hakuketi. Alimsomea maneno yake, akamwomba atie sahihi, na Bi Felisia akatia huku akilalamika kwamba kalamu inanuka samaki, kana kwamba kosa lilikuwa la kalamu.

Kuti lilikuwepo bado. Ruben alisimama mbele ya mnazi wa Azaria, nalo lilikuwa limeanza kupauka kwenye ncha. Jana yake alipofika kisiwani alilipita bila kulitazama mara mbili. Kwa nini alitazame? Jana kila mtu alijua kuwa Azaria amekufa, na mtu akifa bustani yake hufungwa. Ndivyo ilivyo. Hakuna atakayegusa ndizi wala ndimu zake mpaka siku jiwe la kaburi litakapofunuliwa.

Bi Felisia alijua nusu. Mwenye bustani akitaka viazi vyake vikomae hutundika kuti langoni. Kuti linalozungushwa shinani ni la msiba, halina kazi nyingine.

Na saa moja na nusu, Jumamosi asubuhi, hapakuwa na mtu Waiben aliyejua kuwa pana msiba. Elia alimkuta mjomba wake saa tano.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo Ruben aliliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa ingawa hakuhitaji. Watu wa damu hawafungi kuti. Mtu akifiwa hukaa mkekani akalia, na kazi zote za maiti hufanywa na mashemeji. Wao hupeleka habari, huosha, huchimba, hupika, hufunga bustani. Mpwa kama Elia angekata mkono wake kabla ya kulisokota kuti la mjomba wake.

Marehemu mke wa Azaria alikuwa na kaka watatu. Mmoja alikufa zamani. Mmoja alikuwa Townsville, amelazwa. Ruben alifunga daftari. Ilikuwa saa tano na robo.

Nyumba ya msiba ilikuwa ya dada yake Azaria, mama wa Elia. Wanawake walijaa mkekani, na yule mama alikuwa katikati amefunikwa shuka, akililia wawili, ndugu aliyekufa na mwana aliyefungwa. Nyuma ya nyumba moshi wa sufuria za kasa na wali ulikuwa ukipanda, na sauti moja iliwaongoza wote.

"Wewe, huo ni moto au sigara? Weka kuni! Na viazi vikuu vimenywe vyote, tusije tukaaibishwa na watu wa kisiwa cha Mer."

Huyo alikuwa Mzee Kaleb Wapau, shemasi, nahodha mstaafu, kaka yake marehemu Mareta mke wa Azaria. Mikono yake ilikuwa mizito kama nanga. Alimwona Ruben, akatabasamu kwa uchovu.

"Mtoto wa Ludia. Umekula?"

"Bado, mzee. Naomba dakika mbili, pale penye kuni."

Walikaa juu ya magogo. Kaleb alichukua panga na kuendelea kupasua vijiti vidogo, taratibu.

"Elia ataachiwa lini?" aliuliza.

"Leo saa nane na nusu anawekwa kwenye kivuko. Ndege ya saa kumi. Shtaka la mauaji."

Panga lilisimama. "Leo? Waliniambia wanamhoji tu."

"Leo. Mzee, kazi ya msiba inakwenda vizuri. Nani alifunga bustani?"

"Mimi. Nani mwingine yupo?"

"Lini?"

"Jumamosi."

"Habari ya kifo ilikufikia wapi?"

"Kanisani. Nilikuwa napanga viti. Saa tano na nusu hivi, akaja mtoto wa jirani Pita analia."

"Ukatoka hapo ukaenda kufunga."

"Nikaenda kufunga."

"Bi Felisia alikwenda kuchuma ndimu saa moja na nusu. Akakuta kuti shinani. Ametia sahihi."

Kaleb alilitazama panga mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine amemwekea, kisha akalilaza chini kwa uangalifu, makali yakielekea upande wake. Upande wa pili wa ua mtu alicheka kuhusu chumvi.

"Sikuweza kumwacha hivihivi," alisema mwishowe. "Amelala pale, bustani iko wazi, kuku wanapita. Nilimfumba macho. Nikageuza picha ukutani, nikasimamisha saa. Kisha nikakata kuti. Mikono ilifanya yenyewe, Ruben. Nilipofika njiani ndipo nikakumbuka kuwa hakuna anayejua."

Ruben alikuwa amemtarajia akane, aape, ahamaki. Alikuwa ameandaa maswali sita. Alijikuta ameandika neno "kuti" mara tatu mfululizo.

"Mzee Kaleb. Ulimuua Azaria?"

"Nilikuwa nataka karatasi."

"Karatasi gani?"

"Nilipita alfajiri twende kuvua ufukweni. Akanipa nisome ukurasa mmoja. Akaniambia, shemeji, wewe ndiye wa kwanza, una haki. Nikausoma pale ngazini, nimesimama." Alivuta pumzi. "Unaijua habari ya wale tisa?"

Nani asiyeijua? Ilifundishwa kwenye nyimbo. Miaka thelathini na moja iliyopita wanaume wa maboti waliapa kutoingia kazini mpaka walipwe sawa. Usiku wa kuamkia mgomo, tisa walikamatwa vitandani, kila mmoja kwa jina lake. Watatu walipelekwa kisiwa cha adhabu, kusini. Kaleb alikaa huko miaka sita. Mdogo wake, Salomoni, alizikwa hukohuko. Wimbo mkubwa wa Azaria ulikuwa juu ya Salomoni, na kibwagizo chake kiliuliza ni nani aliyetaja majina.

"Mtu aliyewauza hakujulikana," Ruben alisema.

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Ni yeye."

"Nani?"

"Azaria. Azaria ndiye aliyetuuza."

Ruben alisimama, akaketi tena. Kaleb alimpa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake ateme maji ya bahari.

"Unadanganya," Ruben alisema, na haikuwa sauti ya polisi.

"Ningependa. Mareta alikuwa mgonjwa, mapafu. Hospitali ilikuwa Cairns, na siku hizo mtu wetu hapandi meli bila karatasi ya msimamizi wa serikali. Msimamizi alimweka Azaria wiki tatu mlangoni. Halafu akamwambia, nipe majina, nami nitakupa kibali. Akatoa majina tisa. Mareta akapona, akaishi miaka ishirini na mbili." Aliinamisha kichwa. "Dada yangu huyo. Mdogo wangu kwa dada yangu. Unaona hesabu aliyoniachia?"

"Ukamkasirikia."

"Hapana! Hilo ndilo hamtalielewa. Nilimwambia, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Nikamwambia, nimekusamehe, sasa kitabu ukichane. Akasema hapana, kinakwenda bara Jumatatu. Nikamwambia, watoto wanaimba jina lako shuleni, unataka waimbe nini? Akasema, waimbe ukweli. Mkaidi! Nikamshika mikono. Tulikuwa wazee wawili tunagombania karatasi, Ruben, kama watoto wanaogombania kishada. Ikachanika. Akarudi nyuma."

"Kitabu kiko wapi?"

"Nilikichoma kwenye jiko la kanisa. Chote."

"Na Elia umemwacha mahabusu siku mbili."

Hapo ndipo uso wa Kaleb ulipokunjamana. "Mwili unarudi kutoka kwa daktari Jumatano. Nani atamwosha? Mashemeji nimebaki mimi. Nilisema nimzike, Alhamisi nije mwenyewe kituoni. Nilidhani watamweka tu. Sikujua habari ya ndege."

Ruben alitazama saa yake. Saa sita kasoro dakika tano.

"Twende, mzee."

"Ninakuja. Nina ombi moja tu." Kaleb alimshika kiwiko. "Andika tuligombania boti. Andika nililewa, andika chochote, nitatia sahihi. Ila usiandike hilo la majina."

"Hujawahi kulewa maisha yako. Na boti uliiuza zamani. Wakili wa kwanza atakayesimama ataibomoa hadithi hiyo, atasema mzee anamkinga kijana. Halafu atarudi kwa Elia, kwenye shati lake na ugomvi wa Ijumaa. Kitakachomtoa Elia ni ukurasa huo. Hakuna kingine."

Kaleb aliachia kiwiko. Alipita kwenye sufuria, akamwambia mpishi aangalie wali usiungue, kisha akatangulia kutembea.

Sajini Hollis alisikiliza taarifa yote akiwa amesimama. Mwanzoni alisema, "Jani la mnazi? Unaniletea jani?" Kaleb aliposoma na kutia sahihi kurasa nne alizopiga taipu Ruben, Hollis alivua kofia, akaivaa tena.

"Kwa hiyo shujaa wenu ndiye alikuwa..."

"Usimalizie, Sajini," Ruben alisema.

Hollis hakumalizia. "Bado ni neno la mzee peke yake," alisema baadaye. "Ukurasa wenyewe ni majivu. Mleteni kijana."

Elia aliingia, akamwona Kaleb mezani, akaona karatasi. Alisoma mistari mitatu ya juu. Akaisukuma karatasi mbali.

"Mmeandika," alisema. "Mmeandika! Nimekaa siku mbili kwenye lile tundu ili isiandikwe, na nyinyi mmeiandika!"

"Ulikuwa ukijua," Ruben alisema.

"Niliupiga taipu Alhamisi! Ijumaa nikamwambia nikitoka hapa sirudi. Jumamosi nilirudi kumwomba radhi. Nikamwinua, nikadhani anapumua." Aligeuka kwa Kaleb. "Kumbe ni wewe, mzee?"

"Ni mimi, mwanangu."

Karani aliyekuwa anabandika stempu aliacha stempu ulimini.

"Elia," Ruben alisema kwa sauti ya chini, "mpiga taipu hupiga kwa karatasi ya kaboni. Nakala ya pili iko wapi? Bila hiyo Sajini hawezi kuvunja shtaka lako. Ninakuuliza mara moja tu, na ukisema hakuna, nitaandika hakuna."

Kijana alimtazama Kaleb. Mzee alikuwa amefumba macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Bandarini ililia honi ya kivuko kilichotoka Ngurupai, kisiwa chenye uwanja wa ndege.

"Mzee," Elia alisema, "unataka ninyamaze?"

Kaleb alifumbua macho.

"Hapana," alisema. "Nimekwisha kukuua mara moja. Inatosha."

Nakala ilikuwa pale Elia alipowaelekeza, ndani ya sanduku la gitaa la Azaria, chini ya kitambaa, kurasa mia mbili na arobaini. Hollis aliusoma ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili mara mbili, akaweka pembe iliyotoka ngumini mwa marehemu juu ya karatasi ya nakala. Namba ililingana. Akachukua ripoti yake ya asubuhi, akaichana. Saa nane na nusu kivuko kiliondoka, na aliyekaa kati ya askari wawili alikuwa Kaleb Wapau, shemasi, amevaa shati lake la Jumapili aliloletewa kituoni.

Habari ilifika nyumba ya msiba kabla ya Elia. Alipoingia na Ruben uani, watu wote walikuwa wamesimama, hata wale wa mkekani, hata mama yake, shuka limeanguka mabegani. Moto chini ya sufuria ulikuwa umeachwa ukafa. Mama alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamgusa masikio na mabega kama anayehesabu mtoto mchanga, kisha akauliza swali ambalo wote walikuwa nalo.

"Kaleb? Kaleb wetu? Alikuwa na nini na kaka yangu?"

Watu walimgeukia Ruben, kwa kuwa yeye ndiye serikali. Ruben alifungua mdomo. Elia alimgusa mkono, akapita mbele yake.

"Kaeni chini," alisema. "Nyote. Wewe pia, mama."

Walikaa, mmoja mmoja, kwenye mikeka, kwenye magogo, kwenye vumbi. Elia alibaki amesimama. Alifuta vidole vyake vyeusi kwenye suruali, akasafisha koo.

"Mwaka ule shangazi Mareta alipougua," alianza, "mjomba alikwenda ofisini kuomba kibali."